Malkia Mweusi wa Milimani

Tangu siku alipokabidhiwa shule ya kwanza kuiongoza, Mwalimu Mugure hakuwahi kutamka neno "sijui" mbele ya watu, na hata baada ya kustaafu hakuona sababu ya kuanza. Ndiyo maana siku ile aliponyanyua mmea usio na lebo kutoka kwenye meza ya mnada wa kanisa kule Njoro, ukiwa umebanwa kati ya sufuria kuukuu na vitambaa vya kufuma, jina lilimtoka kabla hajajiuliza kama analijua.

"Hii ni Malkia Mweusi," akasema.

Nerima, aliyekuwa amesimama kando yake, alishika kifua. Nerima alikuwa katibu wa Wapenzi wa Hoya wa Bonde, Mugure akiwa mwenyekiti, na wote wawili walikuwa wameiona picha ya Malkia Mweusi kwenye simu: ua jeusi kama chokoleti, linang'aa kama lililopakwa mafuta, na katikati nyota ndogo nyekundu. Ilisemekana kwamba hakuna mtu aliyekuwa nao mmea huo kutoka Naivasha hadi Molo. Na sasa ulikuwa hapo Njoro, umepandwa kwenye mkebe wa rangi.

Wapenzi wa Hoya walikuwa kina mama wa Nakuru, Njoro na Gilgil, waliokutana mara moja kwa mwezi nyumbani kwa mmoja wao kunywa chai na kuitazama mimea ya mwenyeji kwa wivu wa kistaarabu. Hoya ni mmea wa kutambaa, wenye majani mazito kama ngozi ya kiatu kipya, na ukiridhika na mahali ulipowekwa hutoa maua yaliyojikusanya kama mpira mdogo, kila ua nyota iliyochovywa kwenye nta. Aina zake ni nyingi. Kuna ya jani lenye umbo la moyo, kuna ya majani membamba yanayoning'inia kama nywele zilizolowa, kuna ile ya majani yaliyojikunja na kusokotana kama kamba. Hizo hata mtoto angezitambua. Kazi ilikuwa kwenye zile nyingine, za majani marefu ya kijani yanayofanana kama wanafunzi waliovaa sare, ambazo ni vigumu mtu kuzitofautisha mpaka zichanue. Hizo ndizo Mugure alizipa majina kwa uhakika mkubwa zaidi.

Utambuzi wake ulikuwa kama ibada. Mwanachama alileta jani limefungwa kwa tishu. Mugure alivaa miwani, akaligeuza, akapitisha kidole gumba upande wa chini kutafuta manyoya, akaliinua kwenye mwanga asome mishipa yake, kisha akanyamaza kwa muda wa kutosha kumtia wasiwasi mwenye jani. Halafu akatamka neno la Kilatini. Jina likishatamkwa, Nerima aliliandika kwenye kibao cha plastiki na hakuna aliyerudi kuuliza. Kuna wakati Valarie wa Gilgil alileta majani mawili ya mmea mmoja katika mikutano miwili tofauti, akapewa majina mawili, akaenda nyumbani akayachomeka yote mawili kwenye chungu.

Aliyeonekana kutojali mambo hayo ni Indira peke yake. Mumewe, Joginder, alikuwa na duka la vitambaa mjini, na veranda ya nyumba yao ilifunikwa na hoya moja kubwa aliyoiacha mama mkwe wake, ile ya maua ya pinki ambayo karibu kila nyumba ya zamani Nakuru iliwahi kuwa nayo. Wanachama waliiita "ile ya kawaida", kwa sauti ambayo watu humtajia jamaa aliyefungwa jela. Katiba ya kundi ilikataza isiletwe kwenye maonyesho. Indira hakukasirika. Alikuja mikutanoni na bakuli la chevda, ule mchanganyiko wa karanga na dengu za kukaanga, akatafuna na wenzake, akasikiliza Kilatini, akarudi kwenye veranda yake.

Malkia alipofika mtaa wa Milimani, Nakuru, nyumbani kwa Mugure, alihamishwa kutoka kwenye mkebe hadi kwenye chungu cha udongo na kuwekwa kwenye dirisha la sebule lililokuwa la televisheni. Televisheni ilihamia kwenye kona, na Hezekiah, mumewe Mugure, akahama nayo. Hezekiah alikuwa daktari wa mifugo aliyestaafu, mtu wa maneno machache, ambaye alikuwa amejifunza zamani kwamba ng'ombe akiamua kulala barabarani ni heri uzunguke.

Mmea ulipokua, Mugure alianza kugawa vipande vyake. Aligawa kama mtu anayegawa urithi wake angali hai. Waliompigia kura walipata kwanza. Waliowahi kuchelewa mkutanoni walingoja. Mama mmoja wa Njoro, aliyesema siku moja kwamba pengine majina mengine yahakikishwe kwenye mtandao, hakupata kabisa, na mwishowe alihamia kundi la wafugaji wa sungura. Kabla ya mwaka kwisha, kila mwanachama wa maana alikuwa na Malkia wake dirishani, na simu za kina mama zililia kutwa kwa picha za jani jipya, mzizi mpya, jani lililogeuka kidogo. Walishonesha hata fulana nyeusi zenye picha ya ua jeusi kifuani. Nerima aliitoa picha hiyo kwenye mtandao, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameliona ua lenyewe kwa macho.

Mvua ndefu zilipopungua, asubuhi moja Mugure aliona kikonyo kidogo kimejitokeza kwenye mmea wake, na kwenye ncha yake vitumba, vidogo kama mbegu za wimbi. Hakumwambia mtu. Alipanga kuchanua kwa Malkia kuwe jambo la ghafla: angeita mkutano wa dharura, angemwalika mtu wa gazeti, pengine na diwani. Kila siku alikwenda dirishani kabla ya kunawa uso. Matumba yalivimba. Yalikuwa na rangi hafifu, kama ufizi wa mtoto mchanga, na Mugure akajiambia kwamba weusi huja mwishoni, kama vile zambarau inavyoanza ikiwa kijani.

Kisha siku moja ua moja likafunguka. Lilikuwa pinki. Pinki ya upole, yenye manyoya mafupi kama ya mahameli, na katikati nyota nyeupe yenye kidoto chekundu. Harufu yake ilikuwa tamu, na Mugure aliijua. Alikuwa ameinusa miaka mingi akinywa chai kwa Indira.

Hezekiah alikuja na kikombe chake, akasimama nyuma yake. Akasema ni zuri. Halafu, kwa nia njema kabisa, akaongeza kwamba linafanana na lile la kwa kina Joginder.

Mugure alimngoja aende kusoma gazeti, kisha akashika kikonyo kati ya vidole viwili, akakivunja. Utomvu mweupe ulimchuruzika mkononi kama maziwa. Baadaye Hezekiah alipouliza ua limekwenda wapi, aliambiwa kwamba lilishikwa na wadudu. Yeye aliyepambana na wadudu wa kila namna kwa miaka mingi aliutazama mmea, akamtazama mkewe, akarudi kwenye gazeti.

Tangu hapo ikawa desturi. Hoya iliyokwisha kujua kuchanua haisahau, na huyu wa Mugure alikuwa na bidii ya kuudhi. Alitoa kikonyo upande huu, Mugure akakivunja. Akatoa upande ule, Mugure akakivunja. Alifanya hivyo alfajiri, haraka haraka, kama mtu anayeng'oa mvi, na kila mara alijiambia kwamba si uongo, ni kungoja tu mpaka apate njia nzuri ya kueleza. Njia hiyo ilikawia. Jambo dogo linalongoja kuelezwa hunenepa, na hili lilikuwa limevaa fulana.

Jambo moja lilimshangaza. Katika mkutano uliofuata, mwanachama mgeni aliuliza ni lini Malkia wataanza kuchanua. Mugure, ambaye alikuwa amejiandaa, alieleza kirefu kwamba Malkia si mmea wa pupa, kwamba huko kwao hukaa miaka mingi akijikusanya, kwamba malkia hachanui kwa kila mtu. Alitarajia maswali. Hayakuja. Chumba kizima kilitikisa kichwa. Nerima alitikisa, Valarie akatikisa zaidi, na mtu akasema kwa haraka kwamba chai inapoa. Katika ualimu wake Mugure angelitambua mara moja darasa linalokubali mno. Siku hiyo alishukuru tu Mungu, akaomba apitishiwe chevda.

Mambo yangeendelea hivyo kama si Jepkemei.

Jepkemei alikuwa mkulima mkubwa wa viazi kule Keringet, mwenye lori zake mwenyewe na ghala lililojaa hata msimu mbaya. Alikuwa amejiunga na kundi karibuni, na Valarie, kinyume cha utaratibu, alikuwa amemkatia kipande cha Malkia wake kama asante kwa magunia fulani ya viazi. Shambani kwa Jepkemei mtandao ulishika kwenye kilima kimoja tu, kwa hivyo ujumbe wa kundi aliusoma akiwa amepanda huko kutafuta fundi wa trekta. Hakusikia yale mahubiri ya subira. Alipanda kipande chake, akakiweka kwenye veranda yake ya vioo, akaendelea na viazi.

Siku moja akatuma picha. Ilikuwa imepigwa jioni dhidi ya mwanga, na kilichoonekana ni kivuli cha duara kwenye kivuli cha majani. Chini yake aliandika: "Malkia imechanua. Mkuje muone. Inanukia nyumba yote. Nachinja kondoo Jumamosi."

Pongezi zilimiminika. Mikono ya kupiga makofi, mataji, mioyo. Hakuna aliyemwomba apige picha nyingine penye mwanga. Mugure alikaa na simu mapajani akitafuta udhuru, lakini udhuru wa kukwepa kondoo wa Keringet haujawahi kupatikana, na mwenyekiti asiyekwenda kulitazama ua la kwanza la Malkia angeonekana ana wivu. Akaandika kwamba watafika, Mungu akipenda. Kwa mara ya kwanza maishani alitumaini kwamba Mungu hangependa.

Walikodi gari, wakavaa fulana zao nyeusi. Kwa kawaida safari za kundi zilikuwa za nyimbo na porojo. Safari hii kina mama walitazama nje kama watu waendao kusomewa matokeo. Walipita Njoro na Molo, wakaingia kwenye ukungu, wakapishana na malori ya kabichi, na aliyefurahi ndani ya gari lile alikuwa Indira pekee, aliyesema mara kadhaa kwamba hewa ya huku ni safi.

Jepkemei aliwapokea langoni akiwa na gambuti miguuni na fulana nyeusi juu ya sweta. Hakuwapa hata nafasi ya kunawa. Aliwapeleka moja kwa moja kwenye veranda, akasukuma mlango, na harufu ikawapiga nyusoni.

Mmea ulikuwa umepanda kwenye kamba hadi darini, na kote ulikotambaa ulikuwa umening'iniza mipira ya maua, mizito, inayong'aa, kila nyota ikiwa na tone la asali lililokaribia kudondoka. Yalikuwa maua ya kupendeza kuliko yoyote ambayo kundi lile liliwahi kuyaona pamoja. Na yote, kutoka la kwanza hadi la mwisho, yalikuwa pinki.

Kina mama walisimama na ua jeusi kifuani wakilitazama ua la pinki mbele yao.

"Chair," Jepkemei akasema, bila hila yoyote, "mbona ni pinki? Nimengojea iive. Nikasema pengine itakuwa nyeusi ikikomaa. Lakini imekomaa mpaka inaanguka na bado ni pinki."

Macho yote yalimgeukia Mugure. Alijua kwamba hapo ndipo mahali. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na lilimjia hadi mdomoni. Lakini miaka ya kusimama mbele ya watu ina nguvu zake, na kinywa chake kilifanya kile kilichozoea kufanya.

"Ni baridi," akasema.

Pumzi ya kundi zima ilitoka kwa pamoja. Naam, baridi. Nerima alisema kwamba hata yeye alipoona tu ukungu wa Molo aliwaza baridi. Mwingine akakumbusha kwamba hata watoto wa huku juu wana mashavu mekundu. Valarie alieleza jinsi sukuma wiki ya Gilgil isivyofanana na ya Keringet, na ingawa mfano huo haukuhusu rangi, ulipokewa kwa heshima. Mugure, akiwa sasa kwenye mteremko na bila breki, alitangaza kwamba aina hii ya nyanda za juu itaitwa Malkia Mweusi wa Baridi, na Nerima akaandika.

Indira alikuwa amesogea karibu na mmea. Aliinua mpira mmoja wa maua kwa kiganja kama anayepima uzito wa embe.

"Na yangu, Mwalimu?" akauliza. "Ni pinki namna hii hii, na mjini kwetu kuna jua. Hiyo imepata baridi wapi?"

Mtu alisema nyama inanukia vizuri. Indira akasema lilikuwa swali tu, akaliachilia ua taratibu, wakaenda kula.

Walikuwa wakirudi, wameshiba na kunyamaza, redio ikipiga kwa sauti ya juu, wakati dereva alipokaribia Molo akaizima ghafla apokee simu. Katika kimya kile sauti ya Valarie, iliyokuwa ikimnong'oneza Nerima kiti cha nyuma, ilibaki wazi kama mtu aliyefumwa akioga.

"...mimi huyatoa yakiwa bado madogo. Ukingoja yakue, ile maziwa yake inachafua pazia."

"Mimi natumia makasi ya kucha," Nerima alikuwa ameshajibu.

Kisha mahali fulani katikati ya gari mama mmoja alianza kucheka puani, akajizuia, akashindwa. Mwingine akasema yeye alimwambia mume wake kwamba ni panya. Mwingine akasema yeye alikificha chungu kizima bafuni wageni walipokuja. Kicheko kikazunguka viti vyote. Kina mama walijifuta machozi kwa pembe za leso, wakashikana mabega, wakakiri kila aina ya mauaji. Kumbe kila dirisha kutoka Njoro hadi Gilgil lilikuwa likitoa maua ya pinki, na kila alfajiri kulikuwa na mkono unaoyanyofoa.

Mugure alikuwa amekaa mbele kando ya dereva. Hakugeuka. Mwanzoni alijisikia vizuri, kama mtu aliyevua kiatu kilichombana siku nzima. Halafu akafikiria maua yale. Yeye peke yake angeharibu machache. Lakini alikuwa amelipa darasa zima jibu lisilo sahihi, na darasa, kwa utiifu ambao shuleni hakuwahi kuupata, lilikuwa limelinakili lote.

Mkutano uliofuata ulikuwa nyumbani kwake. Alikuwa ameamua. Usiku uliotangulia alimwambia Hezekiah atakavyosema, na Hezekiah akasema ni sawa, akamuuliza kama baada ya hapo televisheni itarudi dirishani. Mugure alisubiri chai iishe kumiminwa, kisha akasimama.

"Nilikosea," akasema. "Ule mmea wa Njoro si Malkia Mweusi, na haujawahi kuwa. Ni ile ya kawaida, kama ya Indira hapa. Nililijua hilo tangu ua la kwanza lilipofunguka, na nikalivunja. Naomba mnisamehe, na naomba mchague mwenyekiti mwingine."

Alikaa. Alikuwa amejiandaa kwa hasira. Alikuwa amejiandaa hata kwa huruma.

Valarie ndiye aliyesimama. Alisema kwamba katika maisha yake hajawahi kuona unyenyekevu kama huo, na kwamba kiongozi anayejishusha namna hiyo ndiye hasa anayehitajika. Watu wakapiga makofi. Mugure alisema tena kwamba hakuwa anajishusha, alikuwa anawaambia jina la mmea. Nerima akamshika mkono kama anavyoshikwa mgonjwa. Yeye Nerima alikuwa amezungumza redioni kuhusu Malkia. Mwingine alikuwa amempelekea mkwewe kipande kama zawadi ya heshima. Fulana za pili zilikuwa tayari kwa fundi. Na mama mmoja mtu mzima, ambaye kwa kawaida hakuchangia, akauliza kwa uchungu wa kweli: "Tukisema ni ile ya kawaida, sisi sasa ni wapenzi wa nini?"

Swali hilo halikuwa na jibu, kwa hivyo likapigiwa kura. Ilipitishwa kwamba maneno ya mwenyekiti yasiingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Ikapitishwa kwamba aendelee na kiti chake bila kupingwa. Ikapitishwa pia, kwa pendekezo la Valarie, kwamba maua ya nyanda za juu yasionyeshwe hadharani kwa sasa, ili umma usichanganyikiwe. Aliyeinua mkono kupinga yote matatu alikuwa Indira, na alikuwa akicheka kiasi kwamba hesabu yake haikuchukuliwa.

Jepkemei, aliyekuwa ametoka Keringet tangu asubuhi, aliweka kikombe chini.

"Mimi yangu ni pinki na naipenda," akasema. "Imechanua kwangu bila kuombwa. Sasa mnaniambia niifiche kama chang'aa?"

Hakupandisha sauti. Alitoa simu, akavaa miwani, akaibofya kwa kidole kimoja, na punde simu zote chumbani zikalia kwa pamoja. Kila mmoja akatazama yake. Ujumbe ulisema kwamba Jepkemei ametoka kwenye kundi. Jepkemei mwenyewe alikuwa bado amekaa pale pale kati yao, akimalizia mandazi yake, na hakuna aliyejua kama ni sawa kumwongezea chai. Alipomaliza aliaga kila mtu kwa mkono, akamshukuru Mugure kwa makaribisho, akaenda zake.

Kwa hivyo Mugure alibaki mwenyekiti. Alijaribu kujiuzulu tena kwa maandishi, na maandishi yakasifiwa. Alipokataa kutambua majani, walisema amechoka, wakamwachia Nerima, ambaye alikuwa na sauti nzuri ya Kilatini.

Lakini alfajiri hakwenda tena dirishani kuvunja kitu. Vikonyo vikaja, akaviacha. Hezekiah, bila kusemeshwa, alifunga kamba kutoka kwenye chungu hadi juu ya pazia ili mmea upate pa kupanda, na ulipochanua alihamisha kiti chake kutoka kwenye kona ya televisheni akakileta pale. Wageni wa kundi walipokuja, waliketi wakiwa wamelipa dirisha kisogo, wakaongea kuhusu mvua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza ni nini kinachonukia.

Indira ndiye aliyekuja kuutazama. Alikuja mchana mmoja wa jua, akazunguka chungu kama mtu anayekagua mtoto wa jirani aliyekua ghafla, akasema chungu ni kikubwa mno, hoya hupenda kubanwa. Alisema mama mkwe wake hakuwahi kuujua kwa jina lolote. Aliuita tu "huyu". Walikuwa wamekaa kunywa chai wakati Valarie alipopiga simu kutoka Gilgil, akiwa na furaha. Kulikuwa na mama mgeni, mke wa mkubwa mmoja wa kambi ya jeshi, aliyesikia habari za Malkia na kupewa kipande. Alitaka kujua atamtunza vipi, na Valarie alitaka maneno ya mwenyekiti mwenyewe, ayaandike vizuri.

Mugure alimwambia: mwanga wa asubuhi, si jua kali. Maji kidogo, udongo ukauke kwanza. Chungu kidogo, mmea ubanwe. Alisikia kalamu ya Valarie ikikwaruza upande wa pili.

"Na akiona matumba?" Valarie akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemuuliza daktari.

"Asiyaguse."

Kalamu ilinyamaza.

"Chair, hiyo nayo niandike?"

"Andika hiyo kwanza," Mugure akasema. "Hizo zingine akisahau si kitu."